Jina la Mtu na Jina la Kazi: Hadhi, Daftari na Ajira katika Nchi ya Beni na Milima ya Rwenzori

Makala haya yanachunguza swali ambalo waandishi wa historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wameligusa kwa pembeni tu, nalo ni kama hadhi ya mtu inaweza kusimama mbali na kazi aifanyayo. Uchunguzi unaanzia Mulekera, mojawapo ya komuni nne za mji wa Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenyeji wa sehemu hiyo kwa wingi ni Wanande, ambao hujiita pia Wayira, nao huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, ofisini na barabarani. Ndugu zao wa lugha na ukoo, Wakonzo, wanakaa upande wa pili wa milima ya Rwenzori, nchini Uganda. Itabidi kuuvuka mlima huo baadaye, kwa sababu mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana huko.

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha miji mingi, cha Beni kikiwemo, mtu anayelima tangu alfajiri hadi jua kutua anaweza kusemwa kwamba "hana kazi", na akijibu mwenyewe atasema vivyo hivyo. Kazi kwa maana hii ni ile yenye mshahara, mwajiri na saa za kuingia na kutoka. Maana hiyo si ya asili. Imeingia katika lugha pamoja na mfumo fulani wa kuhesabu watu, na mfumo huo una tarehe zake.

Kabla ya kuutazama mfumo huo, yafaa kueleza jinsi Wanande wanavyomtaja mtu. Mtoto wa Kinande hupewa jina kwa mujibu wa nafasi yake ya kuzaliwa. Mwanamume wa kwanza huitwa Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule. Wa tano Katembo. Wa sita Mbusa. Wasichana nao wana mfululizo wao: wa kwanza ni Masika, wa nne ni Mbambu, na kadhalika. Ng'ambo ya mlima majina hubadilika kidogo tu: Kambale huwa Bwambale, Kasereka huwa Masereka, Kakule huwa Kule, Katembo huwa Thembo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba jina hili halitaji sifa, wala kazi, wala tumaini la wazazi. Halimtakii mtoto utajiri, wala halikumbuki njaa ya mwaka aliozaliwa. Linasema tu kwamba huyu amekuja baada ya yule. Gavana aliyeongoza Kivu ya Kaskazini kuanzia 2007 hadi 2019 anaitwa Julien Paluku. Kiongozi wa waasi waliokuwa na makao yao Beni wakati wa vita vilivyoanza 1998, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nchi za nje, ni Mbusa Nyamwisi. Majina hayo hayo wanayo wauza viazi na waendesha pikipiki wa Mulekera, na hakuna anayeona ajabu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mfumo huu ni wa usawa. Aliyezaliwa kwanza ana haki na mzigo ambao wa sita hana. Aidha, heshima ya mzee wa Kinande ilifungamana na ardhi: aliyepata shamba kwa mwenye ardhi alimtolea muhako, yaani ada ya kimila, mara nyingi mbuzi, na kwa kufanya hivyo alikubali ukubwa wa mwingine. Mtu asiye na shamba alikuwa na jina kama wengine, lakini barazani sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mila hii haikutenganisha kabisa utu na mali. Ilichofanya ni kutotenganisha mtu na ukoo wake kwa sababu ya shughuli yake, na hilo ni jambo dogo zaidi lakini lililodumu zaidi.

Kiswahili kilipofika katika sehemu hizo mwishoni mwa karne ya 19, kikiletwa na misafara ya watu wa pwani na Manyema, kilikuja na kipimo kingine cha hadhi. Wataalamu wa lugha walikiita Kiswahili cha Kongo ya mashariki Kingwana, yaani lugha ya waungwana, watu huru. Wengi wa wale waliokizungumza kwanza katika misafara walikuwa wapagazi, askari na watumishi waliokuwa chini ya mabwana, baadhi yao wakiwa watumwa. Mtu aliyetekwa kijijini, akavaa kanzu na kujifunza lugha hiyo, aliweza kujiita mwungwana hali angali akibeba pembe za mwingine kichwani. Ni rahisi kuwacheka. Lakini walielewa jambo ambalo utawala uliofuata haukutaka kulielewa, kwamba mtu anaweza kubeba mzigo bila kukubali kuwa yeye ni mzigo huo.

Utawala wa Ubelgiji ulimpa mtu maelezo mapya. Maofisa walipohesabu vijiji walikuwa na fungu maalumu la "mwanamume mzima mwenye uwezo wa kazi", na kwa hesabu hiyo walikadiria ni wangapi wangeweza kuchukuliwa kwenda migodini na mashambani bila kijiji kufa njaa. Kuanzia 1917 kilimo cha lazima kiliongezwa juu yake. Katika nchi ya Beni na Lubero, kampuni ya madini ya Maziwa Makuu, iliyoundwa 1923, ilitafuta dhahabu. Butembo yenyewe ilikua kutokana na shughuli za kampuni hiyo. Walowezi walianzisha mashamba ya kahawa, na nyanda za juu za Lubero zikalimwa mboga na ngano. Mwanamume alitakiwa kuwa na kitabu, na kitabu kilionyesha anatoka wapi, amelipa kodi au la, na nani amemwajiri. Ndani yake mtu alikuwa amesimulika yote, isipokuwa alikuja baada ya nani.

Upande wa pili wa utawala huo huo ulifuta kazi badala ya kuzitoa. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, iliundwa 1925 na kupanuliwa katika miaka iliyofuata hadi ikagusa bonde la Semliki na nchi za kuzunguka Beni. Mwindaji ambaye juzi alikuwa na ustadi unaosifiwa akawa jangili. Hakubadilika yeye wala upinde wake. Lililobadilika ni jina la shughuli yake katika sheria, na pamoja nalo jina lake mbele ya askari wa hifadhi.

Ngazi ya juu ya mfumo huu ilikuwa ya wale walioitwa evoluwe: makarani, walimu, wauguzi, watu wa kalamu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliweka kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongeza usajili uliomkaribisha Mkongo katika haki za Mzungu. Kupata usajili kulihitaji kuchunguzwa: tume iliangalia elimu, ajira, mke, nyumba, na jinsi familia inavyokula. Waliofaulu kusajiliwa katika koloni zima walikuwa mamia machache tu. Patrice Lumumba, karani wa posta huko Stanleyville, alipata usajili wake 1954. Mwaka 1956 alikamatwa kwa kosa la fedha za ofisi, na alipotoka gerezani alikwenda Léopoldville akawa mtangazaji wa bia. Chini ya miaka mitatu baadaye alikuwa waziri mkuu. Kwa mizani ya tume ile, alikuwa amepanda, ameanguka na kupanda tena; kwa mizani nyingine yoyote alikuwa mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Udhaifu wa cheti cha utu ni kwamba kinaweza kuchukuliwa na aliyekitoa.

Mtindo huo haukufa na ukoloni, wala haukuwa wa Kongo peke yake. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka sheria ya 1983 iliyoanzisha kampeni ya Nguvu Kazi, ambapo watu wa Dar es Salaam walisimamishwa barabarani waonyeshe vitambulisho vya kazi, na wasio navyo wakahesabiwa kuwa wazururaji na kupelekwa vijijini. Muuza karanga na muuza maji walikuwa wakifanya kazi mbele ya macho ya kila mtu, lakini hawakuwa na "kazi". Serikali iliyosema kwa dhati kwamba binadamu wote ni sawa ilijikuta ikiuliza swali lile lile la mwenye kitabu.

Nchini Zaire mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1972 Mobutu aliagiza majina ya Kikristo yaachwe. Kwa Wanande hili halikuwa na taabu kubwa kwa upande mmoja, kwa kuwa Kambale na Kasereka walikuwepo tayari. Kwa upande mwingine lilijaza madaftari kwa watu wenye majina yanayofanana, hata majina ya pili yakawa ya lazima ili karani ajue Kambale yupi ni yupi. Novemba 1973 biashara za wageni ziligawiwa raia, na watu waliolala bila duka wakaamka na maduka, wengine wakiyamaliza kwa miezi michache. Kisha fedha ikaanguka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu wa serikali haukuweza kumlisha, na shule ziliendelea kwa michango ya wazazi. Ndipo mwalimu alipokuwa mwalimu asubuhi, mkulima mchana na mchuuzi jioni. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao Janet MacGaffey aliwaeleza katika kitabu chake cha 1987, walikuwa wamekwisha kujijengea utajiri nje ya mkono wa serikali, wakisafirisha mboga na kahawa na kuagiza bidhaa kutoka mbali. Katika hali hiyo jina la kazi lilipoteza uzito, si kwa falsafa bali kwa dhiki. Mtu aliendelea kuitwa mwalimu kwa heshima hata alipokuwa akiuza sabuni, na heshima hiyo ilikuwa yake kweli, kwa sababu mshahara ulikuwa umekoma kuitetea.

Ni wakati sasa wa kuuvuka mlima.

Mwaka 1962, katika baraza la ufalme wa Tooro nchini Uganda, wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka nje kwa kupinga kudharauliwa kwa watu wao. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Isaya Mukirane, mwalimu wa shule ya msingi. Harakati za Rwenzururu zikazaliwa, zikapanda milimani, na mwalimu yule akawa mfalme, Omusinga. Alipofariki mwaka 1966 alimwachia ufalme mwanawe aliyekuwa na umri wa miaka 13, Charles Wesley Mumbere. Jina hilo la mwisho msomaji amekwisha kukutana nalo: ni jina la mzaliwa wa kwanza, na maelfu ya wavulana wa pande zote mbili za mlima wanalo.

Mumbere alikulia katika ufalme wa msituni. Mwaka 1982 alipatana na serikali ya Obote na kushuka Kasese pamoja na watu wake. Mwaka 1984 alipelekwa Marekani kusoma. Serikali iliyompeleka ilipinduliwa mwaka uliofuata, msaada wake ukakatika, naye akabaki ugenini bila riziki. Alijifunza kazi ya msaidizi wa muuguzi. Kwa miaka mingi, kwanza karibu na Washington na baadaye katika eneo la Harrisburg, Pennsylvania, aliwahudumia wagonjwa na wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Wengi wa waliofanya kazi naye hawakujua cheo chake. Mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu, naye akarejea, na Oktoba mwaka huo akasimikwa Kasese mbele ya umati mkubwa.

Magazeti ya Marekani yalifurahia habari hiyo kwa namna inayostahili kuchunguzwa. Yalimweleza kuwa mfalme aliyejificha katika vazi la mtumishi, mithili ya ngano. Katika ngano kama hizo kazi ya chini ni kinyago. Siku ya mwisho kinyago kinavuliwa na uso wa kweli unaonekana. Masimulizi ya namna hii yanaonekana kumtenga mtu na kazi yake, lakini kwa hakika yanafanya kinyume. Yanatuambia kwamba msaidizi yule alistahili heshima kwa kuwa, kumbe, alikuwa na kazi nyingine iliyo kubwa. Kama asingekuwa mfalme, kumwogesha mzee wa watu kungebaki kuwa jambo la kuhurumiwa. Je, wale wahamiaji wenzake katika nyumba zile zile za wazee, akina Bwambale na akina Masika wasiongojewa na umati wowote, wavue kinyago gani?

Njia nyingine ya kuisoma habari hiyo iko karibu zaidi na mila ya majina. Mumbere hakuwa mfalme aliyejifanya msaidizi wala msaidizi aliyegeuka mfalme. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa kiume wa Mukirane, aliyefanya kazi mbili kwa nyakati tofauti, zote mbili zikiwa na mashaka yake. Ufalme wenyewe haukumpa usalama: Novemba 2016 majeshi ya Uganda yalishambulia ikulu yake huko Kasese, zaidi ya watu 100 wakauawa, naye akatiwa mbaroni kwa mashtaka ya uhaini na mengineyo. Aliachiwa kwa dhamana 2017, akazuiwa kurudi nyumbani kwa miaka kadhaa, na mashtaka yakafutwa 2023. Mtu anaweza kujiuliza ni ipi kati ya kazi hizo mbili iliyomdhalilisha zaidi. Hakuna aliyemfunga kwa kulisha wagonjwa.

Turejee Beni, ambako uhusiano wa mtu na kazi yake ulikuja kuwa jambo la uhai na kifo.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola uliogunduliwa Mangina, magharibi ya Beni. Ulidumu hadi 25 Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Mji wa Beni ulikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Timu za kupambana na ugonjwa zilikuja na magari, posho na walinzi, katika nchi ambayo kwa miaka minne watu walikuwa wakichinjwa bila gari hata moja kuja kwa kasi ile. Chuki ilizuka, na chuki hiyo ilikuwa na sababu zake za kisiasa, ikiwemo kuahirishwa kwa uchaguzi wa Desemba 2018 huko Beni na Butembo kwa kisingizio cha ugonjwa. Lakini ilivyotenda kazi ndiyo hoja ya hapa. Yeyote aliyevaa vazi la kazi ile akawa ndiye kazi ile. Tarehe 19 Aprili 2019 Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo. Wauguzi wenyeji, waliozaliwa mitaa ile ile, walitishwa na majirani waliowajua tangu utotoni. Mtu aliyekuwa Kakule kwa miaka thelathini akawa mtu wa Ebola kwa wiki moja.

Ubaya huo ulikuwa na upande wake wa pili. Waliopona ugonjwa waliaminika kuwa na kinga, na baadhi yao waliajiriwa kukaa na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamefariki. Wengi walikuwa watu wa shughuli tofauti kabisa. Waliichukua kazi hiyo kwa kuwa miili yao iliweza, na huenda ndiyo kazi iliyochaguliwa kwa sababu ya ubinadamu mtupu kuliko zote zilizotajwa katika makala haya.

Hata hivyo balaa kubwa zaidi ya Mulekera si ugonjwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafukuza wakulima kutoka mashamba ya kuzunguka mji. Mitaa ya Mulekera imepokea watu wa mashariki na kaskazini waliokimbia na majembe yao. Kuna wenye mashamba ya kakao wanaojua kwamba mazao yameiva na kwamba kwenda kuyachuma ni kuhatarisha shingo. Wamegeuka wachuuzi, wabeba mizigo, wafua nguo, na vijana wao wamepanda pikipiki. Kwa mzee ambaye hadhi yake ilisimama juu ya ardhi, hili ni pigo kuliko lile la mwajiriwa aliyeachishwa, kwa sababu mwajiriwa alijua tangu mwanzo kwamba kazi ni ya mwingine. Hapa ndipo mila ya majina inapofikia ukomo wake. Jina la Kasereka halimpi mtu chakula, wala halimrudishii sauti barazani ikiwa sauti hiyo ilitoka shambani. Linalofanya ni kumwacha na mahali pa kuitwa. Nduguye aliyemtangulia bado ni mkubwa wake, aliyemfuata bado ni mdogo wake, na hakuna kati yao anayehitaji kuuliza anafanya nini siku hizi ili kujua wamwamkie vipi.

Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mzazi aandikishe mtoto katika komuni, na cheti kinataja jina la mtoto pamoja na kazi ya baba na ya mama. Katika ofisi ya Mulekera sehemu ya jina haina shida; mtoto akiwa wa pili wa kiume, karani aweza kukisia kabla hajaambiwa. Sehemu ya kazi ndiyo inayosita. Aliyelima maisha yake yote na sasa hawezi kufika shambani aandike nini? Akisema mkulima, hadanganyi, na shamba lipo, ingawa yeye hawezi kulikanyaga.